Jinsi ya kumpa jina mdudu-kibibi mpya wa Amerika Kusini, mwongozo kamili (na kwa nini madoa yake yatakudanganya)

Watu wengi wakisikia "spishi mpya" wanapata picha ya mtu kavaa buti msituni Amazon, anafunua jani, anakuta mdudu, anapiga kelele za furaha. Jamani, hapana. Wadudu-kibibi wapya wa Amerika Kusini wengi wamegunduliwa na mtu aliyekaa kwenye kiti, mgongo unauma, taa ya hadubini inamchoma jicho, na mbele yake kuna boksi la wadudu waliokufa zamani, wengine kabla hata yeye hajazaliwa. Ndani ya boksi kuna vilebo vimeandikwa "Hyperaspis sp. 1", "sp. 2", "sp. 3" (Hyperaspis ni jenasi, yaani kundi la spishi za ukoo wa karibu, na "sp." ni spishi isiyo na jina bado), maana yake kuna mtu aliwahi kuwaangalia akakata tamaa, akawaachia watakaokuja.

Mdudu-kibibi unamjua bila shaka, yule mbawakawa mdogo wa mviringo kama dengu iliyokatwa nusu, mwekundu mwenye madoa, anayezurura kwenye majani akila vidukari. Ila huyo mwekundu ni mmoja tu kati ya spishi zaidi ya 6,000 zenye majina duniani, na Amerika Kusini kuna wengi ambao ukionyeshwa utabisha kwamba si wadudu-kibibi, weusi wenye vidoa vya njano, wa kahawia wenye manyoya mwili mzima, wengine wadogo kama punje ya ulezi. Wakubwa wenye rangi za kuvutia walishapewa majina zamani sana. Hao wadogo ndo bado kazi ipo.

Kabla ya yote, kwanini ujisumbue

Sisi tunaokula muhogo tuna sababu yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliingia Kongo, maeneo ya Kinshasa na Brazzaville, vidung'ata wa muhogo, vile vidudu vyenye unga mweupe vinavyofanya ncha za mmea zijikunje kama ngumi, na vikaanza kusambaa balaa. Hakuna aliyekuwa na jina lake mpaka 1977 Danièle Matile-Ferrero alipomwita Phenacoccus manihoti. Sasa muhogo asili yake Amerika Kusini, kwahiyo watafiti wakaenda huko kutafuta adui wa asili, wakakuta vidung'ata kwenye mihogo ya kaskazini mwa bara, wakachukua nyigu wadogo wanaowashambulia, wakawaletea hawa wa Afrika, nyigu wakawakataa. Kumbe si wenyewe! Wale wa kaskazini ni wa njano na wana madume, hawa waliotuvamia ni wa rangi ya waridi na majike wanazaa wenyewe bila dume. Wale wakapewa jina lao, Phenacoccus herreni, mwaka 1981, na mwaka huohuo yule wa kweli akapatikana Paraguay, na kwake akapatikana nyigu Anagyrus lopezi ambaye ndo alikuja kuokoa mihogo Afrika. Mdudu-kibibi mmoja wa huko, Hyperaspis notata, naye aliletwa kusaidia vita hiyo. Muda wote huo ulipotea kwa sababu wadudu wawili walidhaniwa ni mmoja. Basi kila ninaposikia mtu anasema kazi ya kutoa majina ni ya kuchezea makumbusho, nakumbuka hiyo.

Hatua ya 1: Kibali, usiruke hapa

Brazil ina mfumo wa vibali vya kukusanya unaitwa SISBIO, na ina sheria ya 2015 inayotaka utafiti wa viumbe vyake usajiliwe kwenye mfumo mwingine unaitwa SisGen. Nchi nyingine za bara hilo zina utaratibu wao, na juu ya yote kuna Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa nani anaruhusiwa kutumia viumbe vya nchi na faida igawanywe vipi, iliyoanza kufanya kazi Oktoba 2014. Kama we si raia, tafuta mtafiti wa hukohuko ushirikiane naye tangu siku ya kwanza. Na si kwa ajili ya karatasi tu, yeye ndo anajua boksi gani liko kabati gani na nani ana funguo.

Hii haikwepeki kwa kusema "mi nimenunua mtandaoni" au "nilitumiwa na rafiki." Majarida mengi sasa yanauliza namba ya kibali, na mhakiki (mtaalamu anayelipima andiko kabla halijachapishwa) akiona mdudu wa Peru hana kibali cha Peru anarudisha andiko hata hajasoma aya ya pili.

Hatua ya 2: Kuwapata

Kama unaenda porini, silaha kubwa ni mwavuli. Ugeuze mwavuli mweupe juu chini, uweke chini ya tawi, upige tawi kwa fimbo mara tatu nne, halafu kimbizana na vinavyodondoka kwa mrija wa kunyonyea wenye kichungi (kichungi usisahau, utakuja kunishukuru). Wavu wa kufagilia nyasi nao unasaidia. Andika mdudu alikuwa kwenye mmea gani na anakula nini, maana si wote wanaokula vidukari, kina Hyperaspis wanapenda vidung'ata na wadudu-gamba, kina Psyllobora wanakula ukungu wa majani, kina Epilachna wanakula majani yenyewe kabisa.

Weka baadhi kwenye spiriti kali ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA, waliobaki waue kwa mvuke wa ithaili asetati uwakaushe. Usiwaue wote siku hiyohiyo. Mdudu-kibibi akitoka tu kwenye bundo, lile ganda anamogeukia kutoka lava kuwa mdudu kamili, anakuwa laini, wa njano mpauko, hana doa hata moja, rangi zinakuja baadaye kadiri anavyokauka na kukomaa. Ukimuua saa hiyo utakuwa na "spishi mpya isiyo na madoa" ambayo ni mtoto wa jirani. Mweke kwenye kikopo siku mbili tatu kwanza.

Hatua ya 3: Pini na lebo

Mdudu wa milimita mbili huwezi kumchoma pini, atapasuka. Unakata kipembetatu cha karatasi ngumu, unachoma pini kwenye upande mpana, ncha nyembamba unaikunja kidogo, unaweka tone la gundi dogo kuliko unavyofikiri, unambandika mdudu ubavuni upande wa kulia. Tumbo liachwe wazi maana tutalihitaji.

Lebo ndo roho ya mdudu. Mdudu asiye na lebo ni uchafu mzuri tu. Iandikwe hivi, huu ni mfano wa kubuni:

PERU: Junín, Satipo, 11.25°S 74.64°W, 640 m, 14.iii.2019, kupiga matawi, kwenye muhogo, na jina la aliyekusanya.

Mwezi unaandikwa kwa namba za Kirumi ili mtu wa Marekani na mtu wa Uingereza wasigombane kama 3/4 ni Machi au Aprili. Tumia wino usioyeyuka kwenye spiriti, nimewahi kufungua kichupa nikakuta lebo nyeupe kabisa na maji ya bluu, wadudu kumi na mbili hawana kwao.

Hatua ya 4: Jenasi kwanza

Hapa watu wanakimbilia kuhesabu madoa. Acha madoa. Mgeuze mdudu chali.

Angalia miguu. Mdudu-kibibi ukimtazama haraka unaona vipingili vitatu kwenye kanyagio (ile ncha ya mguu), kumbe viko vinne, cha tatu ni kidogo sana kimejificha kwenye cha pili. Étienne Mulsant, Mfaransa wa Lyon aliyetoa majina mengi sana ya hawa wadudu kwenye kitabu chake cha 1850, aliwaweka kwenye kundi la wenye "vipingili vitatu" na palpi (vipapasio vya mdomoni) zenye umbo la shoka, na hilo shoka ukishaliona kwenye mdomo wa mdudu hulisahau tena.

Kisha angalia kipande cha kwanza cha tumbo, nyuma ya miguu ya nyuma. Kuna mstari wa mchirizi unaopinda, kila upande mmoja. Huo mstari ni kama kitambulisho. Kwa kina Diomus unashuka mpaka unaungana na ukingo wa nyuma wa kipande, kwa wengine unapinda kurudi juu kama kikombe, kwa wengine unakatikia njiani. Ongeza na haya: mwili una manyoya au unang'aa kama umepakwa vanishi? Kina Diomus na Scymnus wana manyoya, kina Hyperaspis wanateleza. Mguu wa mbele una mwiba? Kama upo na mdudu ni wa kuteleza mwenye njano na nyeusi, fikiria Brachiacantha.

Funguo za kutambua jenasi, yaani orodha za maswali ya "ndiyo au hapana" zinazokufikisha kwenye jina, zipo kwenye kazi za Robert Gordon, Mmarekani aliyetumia miaka mingi kwenye mfululizo wa maandiko juu ya wadudu-kibibi wa Amerika Kusini, mengine akishirikiana na Guillermo González wa Chile na Claudio Canepari wa Italia. Sehemu nyingi zimetoka kwenye jarida la Insecta Mundi na ni bure. Pakua zote, utalala nazo.

Tuseme umefika Hyperaspis. Tuendelee naye.

Hatua ya 5: Viungo vya uzazi, yaani hapa ndo penyewe

Madoa yanadanganya, nimesema kwenye kichwa cha habari na narudia. Spishi moja inaweza kuwa na sura kumi. Harmonia axyridis wa Asia, ambaye sasa amejaa hata Brazil, Argentina na Chile, yuko mwekundu mwenye madoa, yuko asiye na madoa, yuko mweusi mwenye mabaka mekundu, wote ndugu wa tumbo moja. Kina Hyperaspis wana lao, madume wengi uso ni wa njano na majike uso mweusi, ukiwakuta kwenye maboksi mawili tofauti utaapa ni spishi mbili. Na mdudu aliyekaa makumbusho miaka mingi wekundu unapauka unakuwa kahawia, kwahiyo unaposoma maelezo ya zamani "rangi ya njano iliyofifia" jiulize kama alikuwa hivyo akiwa hai.

Kiungo cha dume hakidanganyi kirahisi. Utaratibu ni huu.

Mloweke mdudu kwenye maji ya moto mpaka alegee, nusu saa inatosha kwa mdogo. Kwa pini mbili nyembamba, moja inashika kifua nyingine inaingia kwenye mshono kati ya kifua na tumbo, unalitoa tumbo zima taratibu. Mwili rudisha kwenye karatasi yake. Tumbo liweke kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, liache usiku kucha kwa baridi, au dakika chache kama unapasha (vaa miwani, hiyo kitu inakula jicho). Inayeyusha nyama na mafuta, inaacha sehemu ngumu tu. Halafu maji safi, na tone la siki kuua makali.

Sasa lihamishie kwenye tone la gliserini kwenye glasi yenye kishimo. Chini ya hadubini utaona tumbo limekuwa kama mfuko wa plastiki, na ndani kuna kitu cha rangi ya asali kimejikunja kama ndoana. Hicho ndo sifo, mrija mrefu uliopinda wenye kichwa kama kibuyu upande mmoja. Kingine kilicho kando yake ni kifuko kinachokiongoza, kina kipande cha kati kama ulimi, mikono miwili ya pembeni yenye nywele ambayo inaitwa parameri, na kijiti cha nyuma. Kwa kina Hyperaspis na Brachiacantha huo ulimi wa kati mara nyingi hauna usawa, umepinda upande mmoja, umekatwa kama umeng'atwa, na kila spishi inang'atwa kivyake. Mara ya kwanza nilipouona vizuri niliacha kazi nikaita watu waje waangalie, nao wakaangalia kwa adabu tu wakaondoka.

Chora ukiangalia kwa chini na kwa ubavu. Picha piga nyingi kwa vina tofauti kisha uziunganishe kwa programu, maana kina kimoja hakionyeshi kitu chote. Ujanja wa kukifanya kitulie kisizunguke wakati wa picha: tumbukiza kwenye jeli ya kusafishia mikono badala ya gliserini, kinasimama pale ulipokiweka. Jike naye mfungue, angalia spamateka, kifuko cha kutunzia mbegu za dume, kimepinda kama ndizi au kama mundu, ila kwa majike wa jenasi hii tofauti mara nyingi ni ndogo, usitegemee sana.

Ukimaliza, kiungo kiweke kwenye kichupa kidogo sana chenye tone la gliserini, kichupa kichomwe kwenye pini ileile ya mdudu mwenyewe. Ileile! Mi mara ya kwanza nilifanya kosa la kishamba, feni ilikuwa imewashwa, nikageuka kuchukua kichupa, niliporudi sifo hakuna. Ulikuwa na urefu wa milimita moja na kidogo. Nilipiga magoti sakafuni na tochi mpaka saa tano usiku na sikuupata mpaka leo. Zima feni.

Hatua ya 6: Kupambana na wafu

Hapa ndo kazi inapokuwa ndefu na ndo inaponikera pale watu wanaporuka. Mdudu wako si mpya mpaka uhakikishe kila jina lililowahi kutolewa kwenye jenasi yake, bara zima, si lake. Bara zima nasema, siyo Peru tu, maana mdudu haangalii mpaka, na mdudu wa Satipo anaweza kuwa na jina tayari kutoka Bolivia au Colombia.

Anza na vitabu. Mulsant 1850, halafu George Robert Crotch, Mwingereza, 1874, halafu Julius Weise, Mjerumani aliyekuja baadaye, halafu Jean Brèthes aliyefanya kazi Buenos Aires na kuacha majina mengi miaka ya 1920. Vitabu vya Mulsant na Crotch vimepigwa picha vyote, viko bure kwenye Biodiversity Heritage Library. Mulsant ni Kilatini na Kifaransa, na maelezo yake mengi ni rangi na madoa tu, hakuna sifo, enzi hizo hakuna aliyefungua tumbo. Utasoma "mweusi, madoa matano ya njano kila upande" na utagundua una spishi tano kwenye boksi zinazoenea hapo.

Kwahiyo kitabu hakitoshi, lazima umuone mdudu mwenyewe ambaye jina lilifungwa kwake, yaani holotaipu, au kama zamani hawakuchagua mmoja, wale wote walioandikiwa pamoja. Wa Crotch wako makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge, wa Weise wengi wako Berlin, wa Brèthes wako Buenos Aires, wa Mulsant wametawanyika sehemu kadhaa ikiwemo Ufaransa na hukohuko Cambridge. Andika barua pepe fupi yenye adabu kwa mtunzaji, omba picha ya juu, ya chini, ya ubavu na ya lebo. Ya lebo usisahau. Mara nyingi wanajibu, wakati mwingine baada ya miezi mitatu.

Tengeneza jedwali kubwa, kila jina mstari wake, na nguzo za urefu, umbo la mstari wa tumbo, ulimi wa kati, parameri, anatoka wapi, wa kwanza aliwekwa wapi. Ukijaza mistari yote na mdudu wako bado anakaa peke yake, hapo anza kufurahi. Kidogo.

Na jiulize maswali ya kujikatisha tamaa, ni bora ujiulize we kabla mhakiki hajakuuliza. Je, ni dume la spishi ambayo jike tu ndo anajulikana? Je, ni kipande cha mwisho cha mabadiliko ya rangi ya spishi ile ya jirani? Je, ni mgeni aliyeletwa kutoka Asia au Australia kula wadudu-gamba kwenye machungwa? Hiyo ya mwisho inatokea kuliko unavyodhani, wadudu-kibibi wamesafirishwa dunia nzima kama wafanyakazi wa mkataba.

DNA inasaidia kwenye hili. Kile kipande cha jeni ya COI cha herufi kama 658 kinakuonyesha dume na jike ni ndugu au la, na wenye madoa matano na wenye madoa mawili ni kitu kimoja au la. Lakini usije ukasema "tofauti ni asilimia kadhaa basi ni mpya", Mulsant hakuacha DNA na jina lake bado lina nguvu juu ya lako.

Hatua ya 7: Chagua holotaipu

Mmoja tu. Chagua dume, mzima, miguu yote sita, kiungo kimefunguliwa vizuri, lebo imekamilika. Huyo ndo atabeba jina milele, hata ikija kuonekana miaka mia baadaye kwamba ulichanganya spishi tatu, jina linabaki kwake yeye. Wengine ulionao ni parataipu. Kuwa na wengi kutoka sehemu tofauti ni bora mno, kumpa jina mdudu wako mmoja pekee inaruhusiwa ila ni kucheza kamari.

Holotaipu ibaki nchi ilikotoka, kwenye makumbusho ya umma. Peru iko ya Chuo Kikuu cha San Marcos mjini Lima, Brazil kuna Makumbusho ya Zoolojia ya Chuo Kikuu cha São Paulo na mkusanyiko wa Chuo Kikuu cha Paraná kule Curitiba. Parataipu zigawe kwenye makumbusho mawili matatu tofauti. Tarehe 2 Septemba 2018 Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro iliungua usiku mmoja, na mkusanyiko wa wadudu uliokuwemo, mamilioni, ukateketea karibu wote. Nani alikuwa na parataipu sehemu nyingine alibaki na kitu cha kushika.

Hatua ya 8: Kuandika

Sheria inayotawala ni Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, toleo la nne, linatumika tangu Januari 2000. Ukiipunguza kwa lugha ya mtaani inakutaka hivi: useme waziwazi kwamba ni mpya, useme kwa maneno sifa zinazoitofautisha, utaje holotaipu na inahifadhiwa wapi, na uchapishe kwa njia inayotambulika.

Sehemu inayosomwa na kila mtu ni utambuzi, ile aya fupi inayosema huyu si yule. Watu wanaandika "mdudu mzuri mwenye kung'aa, madoa ya njano" halafu wanaondoka. Linganisha na jirani, sifa kwa sifa. Mfano wa kubuni tena:

"Inafanana na spishi A kwa umbo na kwa madoa mawili ya njano kila upande, lakini ulimi wa kati wa kiungo cha dume umepinda kulia na una pengo karibu na ncha (spishi A umenyooka, hauna pengo), na parameri ni fupi kuliko ulimi (spishi A zinaupita)."

Ona, mtu anaweza kuchukua hiyo sentensi, akakaa na hadubini, akaamua ndani ya dakika kumi. Baada ya hapo ndo maelezo marefu, urefu na upana kwa milimita (toa kiwango, mdogo mpaka mkubwa, usipime mmoja), rangi ya kichwa, pronoto (ngao ya juu ya kifua), mabawa magumu, miguu, vishimo vidogo vya juu ya mwili vimesongamana kiasi gani, mstari wa tumbo, kisha viungo. Kila picha iwe na mstari wa kipimo. Lebo za holotaipu ziandike kama zilivyo neno kwa neno, hata kama kuna kosa la tahajia.

Halafu jambo linalonifurahisha sana: Kanuni haikulazimishi kuandika kwa Kiingereza. Inashauri lugha inayotumika sana kwenye fani hiyo, ila kisheria maelezo ya Kiswahili yanasimama. Wa mimea ndo wamefungwa, wao ni Kilatini au Kiingereza. Nakushauri bado uweke Kiingereza ili mhakiki wa Curitiba akuelewe, lakini aya ya Kiswahili ukiibandika pembeni hakuna polisi atakayekuja.

Hatua ya 9: Jina

Jina linaweza kutoka lugha yoyote mradi herufi ziwe za Kilatini, bila alama. Nyani yule wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania aliyepewa jina 2005 anaitwa kipunji, jina la wenyeji lilelile. Ukitumia neno lenye ng' ile alama inaanguka, kwahiyo fikiria litasomekaje bila yake.

Kama ni kivumishi cha Kilatini lazima kikubaliane na jinsia ya jenasi, sawa na ngeli zetu tu, huwezi kusema "kiti mzuri". Hyperaspis ni ya kike, kwahiyo nigra, si niger. Diomus ni ya kiume, kwahiyo niger. Ukimheshimu mwanaume malizia kwa i, mwanamke kwa ae. Jina la mahali likiishia ensis linafaa kote kuwili. Nomino haibadiliki. Kujipa jina lako mwenyewe hakujakatazwa, ila utachekwa mpaka uzeeni. Hakikisha hakuna aliyetumia jina hilohilo ndani ya jenasi hiyo, na kwa Hyperaspis hii si mchezo, majina ni mengi mno.

Na mabano yanayozunguka jina la mtoa jina na mwaka, baada ya jina la mdudu, yana maana, usiyaweke kwa mapambo. Cycloneda sanguinea (Linnaeus, 1763) ana mabano kwa sababu Linnaeus alimuweka Coccinella, akahamishwa baadaye. Wako atakaa bila mabano mpaka siku mtu atakapomhamisha.

Hatua ya 10: Kuchapisha

Zootaxa, ZooKeys, Insecta Mundi, au jarida la nchi husika. Kama linatoka mtandaoni tu, kazi lazima isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kutoka na ushahidi wa usajili uonekane ndani ya andiko lenyewe, hilo limewekwa kwenye marekebisho ya 2012, ukisahau jina halipo kisheria. Usilitaje jina kwenye mitandao ya kijamii kabla, na muhtasari wa mkutano usiliweke pia, litabaki jina tupu linalozunguka bila mwili na litawasumbua wenzio. Angalia tahajia kwenye nakala ya mwisho herufi kwa herufi, jina likitoka limekosewa mara nyingi linabaki hivyohivyo.

Siku andiko linatoka, chapa lebo nyekundu yenye neno HOLOTYPE na jina kamili, iingize chini ya lebo nyingine kwenye pini, usiondoe hata moja ya zamani. Wapelekee nakala ya PDF watunzaji wote waliokutumia picha. Kisha funga boksi la Hyperaspis, badilisha kile kilebo cha "sp. 3", na vuta karibu "sp. 4", ambaye mpaka sasa una jike tupu na huna hata dume mmoja.